Fundi wa Mngurumo

Injini ya mvuke hupumua kwa kufuata magurudumu yake. Gurudumu likizunguka mara moja, yenye silinda mbili hutoa pumzi nne, na msikilizaji anajua kasi ya treni bila kuitazama. Dizeli haina utaratibu huo. Kichwa cha dizeli kinaweza kunguruma kwa nguvu zake zote huku mabehewa ndiyo kwanza yanaanza kusogea, na baadaye kikateremka mlima kwa kasi huku injini yake ikivuma polepole kana kwamba kimeegeshwa stesheni. Sababu ni kwamba katika vichwa vingi vya dizeli injini haikamati magurudumu. Inazungusha jenereta, na jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo sauti ya dizeli haituambii inakwenda kasi gani. Inatuambia imebeba nini.

Ukishalielewa hilo, utaelewa kwa nini nawaheshimu watu wanaoketi mezani na bisibisi, waya na pasi ya kulehemu, wakifunga dikoda za sauti na spika ndani ya vichwa vya dizeli vya mfano. Mtazamaji wa haraka atadhani wanatia kelele kwenye mwanasesere. Wanachokitafuta hasa ni kukifanya kipande cha plastiki na chuma kitoe habari za kazi yake kwa uaminifu.

Zamani reli za mfano ziliendeshwa kwa kuongeza na kupunguza volti. Volti zikiwa nyingi, mwendo unakuwa mkali. Zikikatika, kila kitu kinazimika, taa na vinginevyo. Katika mpango huo ni vigumu kichwa kusimama huku injini yake inavuma, ilhali dizeli halisi hufanya hivyo kwa saa nyingi. Mambo yalibadilika miaka ya 1990, pale NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, kilipopitisha kanuni za mfumo wa DCC, kikijenga juu ya kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Katika DCC reli hubeba umeme kamili muda wote, na amri husafiri ndani ya umeme huohuo. Kila kichwa kina dikoda yenye namba yake. Hushika amri zake na kuziacha za wenzake zipite. Dikoda ya sauti huongeza mambo mawili: kumbukumbu ya sauti zilizorekodiwa kwenye mitambo halisi, na amplifaya ndogo ya kuzitoa.

Kazi ya kwanza ya fundi, basi, ni kujua sauti ipi ni ya nani. Huko Uingereza wapenzi wa reli walivipa vichwa majina kwa masikio. Class 40, ambavyo vilianza kazi mwaka 1958, viliitwa wapiga mluzi kwa sababu ya sauti ya tabochaja zao. Class 37, vilivyojengwa 309 kati ya mwaka 1960 na 1965, viliitwa matrekta. Vyote viwili vilikuwa vya English Electric, kampuni ambayo kuanzia mwaka 1960 vichwa vyake vya dizeli vilivuta treni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki pia. Waliokulia kando ya reli ya Mombasa kwenda Nairobi na Kampala enzi hizo wanaweza kuusikia ukoo wa mngurumo huo katika modeli ya Class 37 iliyofungwa vizuri huko Leeds au Bristol.

Marekani inamtega fundi kwa namna nyingine. Dizeli za GP38-2 na GP40-2, zote za mtengenezaji EMD, zilianza kutoka kiwandani mwaka 1972, na kwa mbali zinafanana kama mapacha. Zote zina injini ya silinda 16 ya ukoo wa 645. Lakini GP38-2, yenye nguvu za farasi 2,000, husukumiwa hewa na blowa, na sauti yake ni nzito na kavu. GP40-2, yenye nguvu za farasi 3,000, ina tabochaja, na mvumo wake umechanganyika na mluzi unaopanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Ukiweka rekodi ya moja ndani ya nyingine, hakuna rangi wala namba ya ubavuni itakayouficha uongo huo mbele ya mtu aliyewahi kusimama kando ya njia.

Baada ya kuchagua sauti huja kazi ya mikono. SD40-2 halisi, dizeli nyingine ya Marekani, ina urefu wa karibu mita 21. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87, inabaki sentimita 24 tu. Boneti yake ni nyembamba, na ndani kumejaa mota, gia na vipande vya chuma vya kuipa uzito ili isiteleze kwenye reli. Katika nafasi inayobaki fundi lazima aingize dikoda, spika, kisanduku cha spika, na ikiwezekana kapasita za kushikilia umeme pale magurudumu yanapopita juu ya vumbi. Pengine hulazimika kukata chuma kwa msumeno na kukilainisha kwa tupa, akijua kwamba kila gramu anayoondoa ni nguvu ya kuvuta inayopotea.

Waya zina rangi zilizokubaliwa, na kuzifuata ni nidhamu. Nyekundu hutoka reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto. Rangi ya chungwa na kijivu huenda kwenye mota. Nyeupe ni taa ya mbele, njano ya nyuma, na bluu ndiyo chanya inayotumiwa na zote. Kabla ya kulehemu chochote, fundi makini huchukua mita na kuhakikisha brashi za mota hazigusani kabisa na chasisi. Katika modeli nyingi za zamani chasisi yenyewe ndiyo iliyopeleka umeme kwenye mota. Ukiacha njia hiyo wazi, dikoda inaungua. Ndiyo maana kichwa huwekwa kwanza kwenye kipande cha reli cha kupangia programu, ambako umeme umebanwa uwe mdogo. Kama kuna shoti, itagundulika hapo kabla dikoda haijadhurika.

Lakini roho ya kazi hii iko kwenye spika. Spika zinazopendwa sana siku hizi ni za aina ya zile zinazotumika kwenye simu za mkononi, milimita 15 kwa 11. Iunganishe moja ikiwa tupu, uishike kwa ncha za vidole, uwashe injini: utasikia mlio mwembamba, mfano wa nzi ndani ya chupa. Sasa ibandike kwenye kisanduku chake cha plastiki, ziba kila ukingo kwa gundi, na uwashe tena bila kugusa sauti. Mngurumo unatoka. Hakuna kilichoongezwa ila hewa iliyofungwa. Utando wa spika unaposukuma hewa mbele, unaivuta nyuma; mawimbi hayo mawili yakikutana, yanafutana, hasa ya sauti nzito. Kisanduku huyatenga. Tundu dogo tu pale waya zinapopita linatosha kuirudisha sauti ilikokuwa, na kwa hiyo fundi huziba tundu hilo kwa uangalifu uleule anaoutumia kwenye mota.

Hata hivyo kisanduku kizuri hakiwezi kushinda maumbile. Injini ya EMD ya silinda 16 ni ya viharusi viwili, kwa hiyo kila silinda hulipua mafuta kila mzunguko. Ikivuma bila kazi kwa mizunguko karibu 315 kwa dakika, hiyo ni milipuko 84 kila sekunde. Dereva akiifikisha hatua ya nane, ya juu kabisa, yenye mizunguko 900, inakuwa 240. Spika ya milimita 15 haiwezi kushuka hadi mvumo wa 84. Kinachotuokoa ni sikio la mwanadamu: likizisikia sauti za juu zinazozaliwa na mvumo huo, hujaza lenyewe msingi uliokosekana. Fundi anayelijua hili hapotezi muda kuilazimisha spika itoe mtetemo isioumudu. Anazisafisha sauti za kati, anapunguza zile nzito zinazoikwaruza, na kumwachia msikilizaji amalizie.

Kisha huja upangaji, na hapa tunarudi kwenye mzigo. Dikoda nzuri hukata umeme wa mota kwa kitambo kidogo sana, mara nyingi kila sekunde, na kupima volti ambazo mota yenyewe inazalisha inapozunguka. Kwa kipimo hicho inajua kama kichwa kinahangaika au kinateleza, na inaweza kuinua au kuushusha mngurumo ipasavyo. Fundi hupanga injini ipande kwanza ndipo magurudumu yafuate. Humwekea dereva kitufe cha kuishikilia kasi ilipo huku akiipandisha injini kwa ajili ya kilima, au kuishusha kwa ajili ya mteremko. Mwenye papara huridhika injini inapolia. Mwenye mapenzi na kazi hurudi kwenye vigezo tena na tena mpaka kuchelewa kule kati ya mngurumo na mwendo kufanane na uzito wa mabehewa yaliyo nyuma.

Na kiasi cha sauti ni suala la adabu. Ukiitazama modeli ya 1:87 kwa umbali wa mita moja, umesimama mita 87 kutoka kwenye treni halisi, na kwa umbali huo dizeli husikika vizuri bila kumfunga mtu mdomo. Vichwa kumi vilivyofunguliwa hadi mwisho ndani ya ukumbi mmoja haviwezi kusikilizwa. Kila kimoja kinaizika habari ya mwenzake. Fundi aliyekomaa hushusha sauti mpaka honi ndiyo ipae juu ya vyote, kama inavyopaswa kwenye kivuko cha barabara, na injini ibaki mahali pake.

Naisifu kazi hii kwa sababu inampa msikilizaji kitu ambacho rangi na umbo haviwezi kumpa: hesabu ya juhudi. Mabehewa 30 yakifungwa nyuma ya kichwa kidogo na mlima ukaanza, tunapaswa kuusikia ugumu wake, na yakipita kileleni tuisikie injini ikipumzika. Yeyote anayeweza kuyafanya hayo kwa spika inayoenea kwenye ukucha wa kidole gumba, kwa gundi isiyovuja na vigezo vilivyopimwa kwa sikio, amestahili kuitwa fundi kwa maana kamili.