Mwandishi, Msomaji na Mamlaka: Tahakiki ya The Complete Plain Words kuhusu Uandishi wa Barua za Kiofisi kwa Kiingereza

1.0 Utangulizi

Mwaka 1948 serikali ya Uingereza ilichapisha kitabu kidogo kiitwacho Plain Words. Kiliandikwa na Sir Ernest Gowers kwa ombi la Hazina ya nchi hiyo, kwa lengo la kuwasaidia watumishi wa umma kuandika Kiingereza kinachoeleweka. Kilifuatiwa na The ABC of Plain Words mwaka 1951, na mwaka 1954 vitabu hivyo viwili viliunganishwa kuwa The Complete Plain Words. Tangu hapo kazi hii imehaririwa upya mara tatu: na Bruce Fraser mwaka 1973, na Sidney Greenbaum pamoja na Janet Whitcut mwaka 1986, na Rebecca Gowers, kitukuu wa mwandishi, mwaka 2014.

Wasomaji wengi hukichukulia kitabu hiki kuwa mwongozo wa sarufi na msamiati: orodha ya maneno ya kuepukwa na ya kutumiwa badala yake. Tahakiki hii inajenga hoja mbili zinazotofautiana na mtazamo huo. Kwanza, kiini cha kitabu ni uhusiano kati ya mtu mwenye mamlaka ya kuandika na mtu anayelazimika kusoma; suala la maneno linafuata baadaye. Pili, kanuni zake za maneno zimejengwa juu ya dhana kuwa mwandishi na msomaji wote wamekulia katika Kiingereza. Hivyo basi, kanuni hizo haziwezi kuhamishiwa katika ofisi za Afrika Mashariki kabla ya kutenganisha kile kinachohusu barua yoyote ile na kile kinachohusu masikio ya Waingereza pekee.

2.0 Mazingira ya Kuandikwa kwa Kitabu

Kitabu kilitoka katika kipindi ambacho dola ya Uingereza ilikuwa imeingia katika maisha ya raia kuliko wakati wowote uliotangulia. Mgawo wa chakula ulikuwa ukiendelea, Sheria ya Bima ya Taifa ilikuwa imepitishwa mwaka 1946, na Huduma ya Taifa ya Afya ilianza tarehe 5 Julai 1948. Mtu ambaye hapo awali hakuwa na sababu ya kuandikiana na serikali sasa alipokea fomu na barua zilizoamua juu ya posho yake, matibabu yake na uzee wake. Gowers mwenyewe aliwahi kuongoza Bodi ya Mapato ya Ndani, idara inayoshughulikia kodi. Alifahamu kuwa barua isiyoeleweka humgharimu raia haki yake na huigharimu ofisi muda, kwa kuwa huzaa barua nyingine ya kuuliza maana ya ile ya kwanza.

Miaka miwili kabla yake, George Orwell alikuwa amechapisha insha yake mashuhuri kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza. Waandishi hawa wawili huwekwa katika kundi moja, lakini utambuzi wao wa ugonjwa unatofautiana. Orwell anaiona lugha nzito kuwa chombo cha kuficha uovu wa kisiasa. Gowers anamtazama karani kwa huruma zaidi: anayeandika vibaya kwa kawaida si mwongo, bali ni mtu aliyerithi mazoea ya majalada na anayeogopa kukosea. Tofauti hii ndiyo inayomfanya Gowers awe na manufaa zaidi katika kufundisha. Mwongo hafundishiki kwa kitabu cha uandishi. Mwoga anaweza kufundishika.

3.0 Nguvu ya Kitabu: Mpangilio wa Kanuni

Jambo la kwanza la kusifu ni mpangilio. Kabla ya kumshauri mwandishi juu ya neno, Gowers anamtaka ajue anachotaka kusema na ajiweke katika nafasi ya anayeandikiwa. Baada ya hapo ndipo anapofika kwenye uteuzi wa maneno, ambao anaugawa katika sehemu tatu: kuepuka neno la ziada, kuchagua neno lililozoeleka na kuchagua neno mahususi. Sarufi na alama za uandishi zinakuja mwishoni.

Umuhimu wa mpangilio huu unaonekana tukichunguza barua halisi inavyofanya kazi. Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya tahakiki hii, ambapo ofisi inamjibu mstaafu: "I am directed to inform you that your application has been considered, and it is regretted that it cannot be acceded to at this juncture." Kisarufi, sentensi hii haina kosa hata moja. Mwalimu wa Kiingereza angeipa alama zote. Hata hivyo, mstaafu aliyeipokea hajui ni nani aliyekataa, kwa nini amekataa, wala kama kuna jambo analoweza kufanya.

Mwandishi akijaribu kuibadilisha kwa kufuata orodha ya maneno pekee, ataondoa "acceded to" na kuweka "granted", ataondoa "at this juncture" na kuweka "now". Barua itakuwa nyepesi zaidi, lakini mstaafu atabaki gizani vilevile. Akifuata mpangilio wa Gowers na kumwanza msomaji, atalazimika kuandika jambo tofauti kabisa: "We cannot approve your application yet because the medical form is missing. Please send it to us by 30 June and we will look at it again." Kilichobadilika hapa ni zaidi ya msamiati. Zimeingia taarifa tatu ambazo awali hazikuwepo: sababu, hatua na tarehe. Lugha wazi, kwa maana hii, ni dai la maudhui. Inamlazimisha mwandishi kwenda kwenye jalada kutafuta sababu ambayo lugha nzito ilimruhusu kutoitafuta.

Jambo la pili la kusifu ni namna Gowers anavyotenganisha lugha ya sheria na lugha ya barua. Anakubali kuwa sheria huandikwa kwa tahadhari kubwa, kwa sababu itasomwa na watu wanaotafuta mwanya ndani yake. Kwa mtazamo wake, kazi ya afisa anayeandika barua ni kumweleza mtu mmoja jinsi sheria inavyomhusu yeye. Afisa anayenakili kifungu cha sheria ndani ya barua amemrudishia raia kazi ambayo ofisi ililipwa kuifanya.

4.0 Upungufu: Neno Lililozoeleka kwa Nani?

Upungufu wa kitabu unaanzia katika kanuni ya neno lililozoeleka. Kanuni hii inachukulia kuwa Mwingereza ana akiba mbili za maneno: ile ya nyumbani na ile ya ofisini. Anaagizwa aache ya ofisini na kurudi kwenye ya nyumbani. Karani wa Nairobi hayuko katika hali hiyo. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini kwa watumishi wengi Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi. Hawana Kiingereza cha nyumbani cha kurudia. Kwa aliyejifunza barua kwa kusoma majalada, neno "commence" linaweza kuwa limezoeleka kuliko kitenzi kifupi cha mtaani. Kumwambia aandike kama anavyoongea ni kumpa ushauri usiotekelezeka.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno "kindly" mwanzoni mwa ombi. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki neno hilo hufanya kazi ya "tafadhali", na mpokeaji hulisikia kama adabu. Kwa masikio ya Waingereza wengi, neno hilohilo linaweza kusikika kama karipio la mtu aliyeanza kuchoka. Je, ni kosa? Kwa kanuni ya maneno, jibu linaelekea kuwa ndiyo. Kwa kanuni ya msomaji, jibu linategemea barua inakwenda wapi. Barua inayotoka Nairobi kwenda Kisumu haina sababu ya kuliondoa. Barua inayokwenda London inayo. Pale kanuni hizi mbili zinapogongana, tahakiki hii inashikilia kuwa kanuni ya msomaji ndiyo inayopaswa kushinda, kwa kuwa mwandishi mwenyewe ndiyo aliyoitanguliza.

5.0 Urithi katika Barua za Kiswahili

Suala hili haliishii katika Kiingereza. Serikali ya Tanzania ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake mwaka 1967, lugha ya barua ilibadilika kuliko muundo wake. "Wako mtiifu" ni tafsiri ya mwisho wa barua za Kiingereza za enzi ya ukoloni. "Kwa barua hii unaarifiwa kuwa" inatumia kauli ya kutendwa kama ilivyokuwa katika Kiingereza, na mtoa taarifa anatoweka. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" inamwagiza msomaji jambo ambalo hawezi kulitenda wala halimwongezei taarifa.

Hata hivyo, kuyafuta yote kwa kisingizio cha neno la ziada kungekuwa kosa. "Wako katika ujenzi wa Taifa" halikuwa na taarifa yoyote, lakini liliwaweka mwandishi na msomaji upande mmoja. Vyeo, salamu na neno "ndugu" vina kazi hiyohiyo. Hapa inapendekezwa kipimo ambacho Gowers hakukitoa: neno likiondolewa, nani anapoteza? Ikiwa anayepoteza ni mwandishi peke yake, kwa kuwa amekosa mahali pa kujificha, neno hilo lifutwe. Ikiwa anayepoteza ni msomaji, kwa kuwa hatambuliwi tena, libaki.

Mtu anaweza kupinga kuwa karani hujificha kwa sababu ya msingi: anasaini kwa niaba ya mwingine, na uamuzi si wake. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, msomaji hahitaji jina la karani. Anahitaji kujua ofisi iliyoamua, sababu ya uamuzi na mahali pa kukata rufaa. Mambo hayo yanaweza kuandikwa bila kumweka karani hatarini.

6.0 Hitimisho

The Complete Plain Words ni kazi inayostahili kusomwa na kufundishwa, lakini kwa mpangilio ambao mwandishi wake aliukusudia: msomaji kwanza, maneno baadaye. Mtaala wa mawasiliano ya kiofisi unaoanza na orodha ya makosa ya Kiingereza utazalisha makarani wanaoandika barua sahihi zisizojibu swali. Mitihani ya somo hili inapaswa kumpa mtahiniwa jalada lenye taarifa na kumtaka amjibu mtu fulani, kisha impime kwa swali moja: je, aliyeandikiwa atajua la kufanya kesho asubuhi? Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wapokeaji wenyewe wanavyozisoma barua hizi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwani sauti yao ndiyo inayokosekana katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili yao.