'Hamsini kwa mia' si thumuni ya ekari

Matangazo ya ardhi humu nchini hupenda kusema: 'ploti ya hamsini kwa mia, yaani thumuni ya ekari'. Hiyo 'yaani' inapotosha. Futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Ekari ina futi mraba 43,560. Thumuni yake ni 5,445. Mnunuzi kashapunjwa 445, vyumba vinne vya kumi kwa kumi! Hatimiliki nayo huandikwa kwa hekta: ploti hiyo ni takribani 0.046, ilhali thumuni halisi ni 0.051. Ekari na futi hazina kosa. Kosa ni kuyafanya maneno haya mawili visawe. Kwa hivyo, ukiambiwa 'thumuni', uliza kwanza: ya ekari gani?