Maharamia wa Kuigiza: Nani Ana Ruhusa ya Kucheza?

Muhula uliopita, katika semina ya sanaa za maonyesho, mwenzetu mmoja alisema kwamba sherehe za maharamia za Wazungu ni upuuzi wa watu walioshiba, hazistahili kuhakikiwa. Darasa likacheka, nami nikacheka. Baadaye nikajiuliza: mbona jando tunalihakiki, vugo tunalihakiki, na hii tunaiacha kwa kigezo gani? Makala haya yanakusudia kumjibu mwenzetu huyo kwa mfano mmoja tu: Gasparilla, sherehe ya mji wa Tampa, Florida, Marekani. Sijafika huko, nimeitazama kwenye video.

Tuanze na fani. Tulifundishwa kwamba sanaa ya maonyesho inahitaji mchezo, mchezaji, uwanja wa kuchezea na watazamaji. Gasparilla inayo yote. Wachezaji wakuu ni kundi la Ye Mystic Krewe of Gasparilla, lililoanza mwaka 1904. Uwanja ni ghuba na barabara za mji. Meli yao ya milingoti mitatu, iliyojengwa 1954 kwa ajili ya mchezo huu, huingia ikisindikizwa na mamia ya vyombo vidogo. Maharamia humdai meya ufunguo wa mji, kisha huandamana wakirusha shanga. Watazamaji nao huja wamevaa viraka vya jicho, wakagombania shanga hizo. Mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji unavunjika, kama katika ngoma zetu. Hapo, bwana, huwezi kusema si sanaa.

Lakini wanaigiza nini hasa? Hakuna ushahidi kwamba haramia wao, José Gaspar, aliwahi kuishi. Kisa chake kilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kijitabu cha matangazo cha kampuni ya reli. Mavazi nayo, kile kitambaa kichwani na mshipi kiunoni, yametokana sana na picha za mchoraji Howard Pyle. Na ile lafudhi ya kukwaruza koo ilienezwa na Robert Newton katika filamu ya 1950 ya Treasure Island, riwaya ya Stevenson ya 1883 iliyotafsiriwa kwetu kama Kisiwa Chenye Hazina. Kumbe wanaigiza fasihi! Hilo si kosa. Fasihi si daftari la kumbukumbu.

Kasoro iko katika maudhui. Mwaka 1991 fainali ya Super Bowl ilichezwa Tampa, na watu wakauliza mbona kundi lile halina hata mwanachama mmoja mweusi. Lilipotakiwa kuwapokea weusi mara moja, lilijitoa, na maandamano ya mwaka ule yakafutwa. Mwaka 1992 yalirudi, na weusi wakiwemo. Hebu tulitafakari hili. Katika Whydah, meli ya watumwa iliyotekwa na Samuel Bellamy mwaka 1717, mabaharia weusi walikuwamo. Sisemi maharamia walikuwa wakombozi. Wapo waliouza Waafrika kama shehena. Nasema tu kwamba mchezo ulikuwa mweupe kuliko wizi wenyewe. Watu waliojifanya wavunja sheria kwa siku moja hawakuthubutu kuivunja sheria isiyoandikwa ya mtaa wao. Vazi lilibadilika, tabaka halikubadilika.

Ndiyo maana siafiki kwamba huu ni upuuzi. Mchezo wa kujifanya huonyesha wazi ni nani katika jamii anayeruhusiwa kujifanya mwizi akapigiwa makofi. Kijana mweusi wa Tampa wa miaka ile angekimbia barabarani na bastola ya bandia, je, angerushiwa maua?

Na sisi? Neno letu haramia lina haramu ndani yake. Limeshahukumu kabla mchezo haujaanza. Tena kwetu jambo lenyewe si la kale. Mwaka 2010 mahakama ilifunguliwa katika eneo la gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, kwa ajili ya kesi za uharamia wa pwani ya Somalia. Mabaharia waliotekwa wana familia zao, na vijana waliofungwa wana mama zao. Kicheko cha Tampa kinahitaji umbali wa karne tatu, nasi umbali huo hatuna.

Mwandishi wa tamthilia atakayejaribu kumvalisha mchezaji wake nguo za haramia jukwaani kwetu atalazimika kwanza kuamua nani acheke. Mwenzangu wa semina, unasemaje?