Sifa za Anayepima Mara ya Tatu

Bikaboneti ya sodiamu ukiichoma haibadiliki rangi, haitoi moshi wala haiwaki. Ni unga mweupe, na unabaki mweupe. Mwanafunzi aliyekuja maabara akitarajia mlipuko huondoka akidhani hakuna lililotokea. Habari yote iko kwenye mizani. Gramu 8.40 zilizoingia katika kikombe cha kauri, mambo yakienda sawa, hubaki gramu 5.30 za kaboneti ya sodiamu. Gramu 0.90 zimetoka kama mvuke wa maji, na 2.20 zimekwenda na hewa ukaa.

Kutafuta asilimia ya zao ni kugawa ulichopata kwa ulichopaswa kupata, kisha kuzidisha kwa mia. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Ufundi wenyewe uko mikononi.

Kikombe huchomwa kwanza kikiwa kitupu, unyevu ukitoke, kisha kikapozwa na kupimwa. Hushikwa kwa koleo, maana hata mafuta ya vidole yana uzito. Moto huanza mdogo. Ukiharakishwa, gesi huurusha unga nje, na chembe iliyoruka hairudi. Kikombe cha moto hakipandi mizani: hewa inayofuka kando yake hukiinua kidogo, nayo mizani ikasoma pungufu. Lakini ukikiacha wazi kipoe, tuseme Tanga wakati wa masika, kaboneti hunywa unyevu wa hewani na uzito ukapanda. Kwa hiyo hupozwa ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko. Halafu huchomwa tena, hupozwa tena, hupimwa tena, mpaka vipimo viwili vifuatane bila tofauti. Kabla ya hapo, kusema kwamba unga umekwisha kutengana ni kubahatisha.

Kwa subira ya namna hii Joseph Black wa Scotland, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1756, aliipima magnesia nyeupe kabla na baada ya kuichoma, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uzito uliopotea ilikuwa hewa iliyofungwa ndani ya kitu kigumu. Hewa hiyo ndiyo tunayoiita leo hewa ukaa. Hakuiona kwa macho. Aliijua kwa upungufu.

Sasa chukua mwanafunzi aliyebakiwa na gramu 5.46. Anagawa, anapata asilimia 103, anashtuka, anafuta. Asingefuta! Namba hiyo inasema mengi. Kama unyevu haukuingia, basi gramu 0.43 hivi za bikaboneti bado zimo kikombeni hazijatengana, na dawa yake ni kuirudisha motoni. (Aliyesahau kuwasha moto kabisa angejipatia asilimia 158, ushindi mkubwa kuliko wote.)

Inayonitia shaka mimi ni 100 kamili. Huenda unga kidogo uliruka nje, na kidogo kingine hakikutengana. Kosa moja limepunguza, jingine limeongeza, na jumla yake ikaja safi kabisa. Mizani haiwezi kuyatofautisha makosa hayo mawili kwa kipimo kimoja. Kipimo cha pili na cha tatu ndivyo vinavyoyatenganisha: kisichotengana kitaendelea kupungua kila kikichomwa, bali kilichoruka kimeshakwenda zake.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kugawa alama kwa kuangalia nani ameikaribia 100. Desturi hiyo huwafundisha watoto kupika majibu, na hupika vizuri, maana jibu sahihi linajulikana kabla ya kiberiti kuwashwa. Ningekuwa msahihishaji, ningempa alama zote aliyeandika 5.21, 5.14, 5.14, akapata asilimia 97, na pembeni akaongeza kwa kalamu ileile kwamba unga uliruka dakika za mwanzo kwa sababu aliufungua moto haraka.