Jicho la Mtu wa Maabara

Kipimo cha HbA1c, wagonjwa wa kisukari wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Huhitaji kufunga, waweza kunywa chai yako ukaenda. Sukari ya kwenye damu hujishikiza kwenye hemoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, nazo chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo anayeacha soda wiki moja tu kabla ya kliniki hamdanganyi mtu.

Mimi huvutiwa na mikono. Mchukuaji damu mzoefu hufunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa kwa ncha ya kidole, na sindano huingia ukiwa bado unamjibu habari za mvua. Damu ikishajaa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia isigande, huipindua polepole mara 8 hadi 10. Haitikisi, maana chembe zitapasuka. Wala haiachi hivihivi, maana itaganda. Zipo mashine ndogo zinazotosheka na tone la kidole na kutoa jibu kwa dakika chache. Hapo napo pana ufundi: kuchoma ubavuni mwa ncha ya kidole, kungoja spiriti ikauke, na kutokamua.

Lakini ufundi ninaoustahi kuliko wote ni wa anayesoma majibu. Mashine kubwa hutenganisha aina za hemoglobini na kuzichora kama vilima kwenye mchoro. Mvivu atanakili asilimia: 6.5 na kuendelea ni kisukari, basi. Fundi hutazama vilima kwanza. Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi wamebeba vinasaba vya selimundu bila kujua, mara nyingine huona kilima cha ziada, akajiuliza kama mashine yake inaweza kupima damu ya namna hiyo bila kukosea.

Kipimo chenyewe kilitokana na jicho la aina hii. Mwaka 1968, mjini Tehran, Samuel Rahbar alikuwa akichunguza hemoglobini za watu, akaona mstari usio wa kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari, naye hakuupuuza.

Na kama mgonjwa ana selimundu yenyewe, au ameongezewa damu juzijuzi? Fundi hampi daktari asilimia anayoitilia shaka. Humpigia simu, akapendekeza fruktosamini, kipimo cha protini za damu kinachoonyesha sukari ya wiki mbili tatu zilizopita.