Geti la Manarola Limefungwa Upande Usiofaa

Via dell'Amore, njia ya miguu ya pwani kati ya vijiji vya Riomaggiore na Manarola huko Cinque Terre, Italia, ilifungwa Septemba 2012, baada ya mawe kuporomoka na kuwajeruhi watalii wanne wa Australia. Ikakaa hivyo karibu miaka kumi na miwili, ikameza zaidi ya euro milioni 20, na Agosti 2024 wageni wakaruhusiwa tena kupita. Nyavu za chuma, vyuma vilivyokongomewa mwambani, sakafu mpya: kazi safi, sina neno.

Neno langu ni juu ya mshale. Kwa utaratibu wa 2025, mgeni anaingilia Riomaggiore na kutokea Manarola, si vinginevyo. Huu ni uamuzi mbovu, na haukuhitaji mtaalamu kuuona. Ulihitaji mtu mmoja tu aliyewahi kutembea Cinque Terre kwa miguu tangu asubuhi hadi jioni.

Tumfuate huyo mtembezi. Anaanzia Monterosso, kama wanaojua wanavyofanya: ngazi kali anazimaliza asubuhi, magoti yakiwa mapya na jua halijapanda. Siku za msongamano Hifadhi ya Taifa ya Cinque Terre yenyewe inamwelekeza hivyo, kwa sababu hadi saa nane mchana kipande cha Monterosso hadi Vernazza hupitwa upande huo tu. Hapo mshale una akili. Zipo sehemu ambazo watu wawili wenye mabegi hawapishani bila mmoja kuegemea ukuta na kuvuta tumbo ndani. Anashuka Vernazza, anapanda tena kwenye mizeituni, anapita kitongoji cha Prevo, anafika Corniglia.

Kutoka Corniglia njia ya chini kwenda Manarola imefungwa miaka na miaka, na hilo nimelipigia kelele sana. Basi anapanda kijiji cha Volastra, anakatiza mashamba ya zabibu juu ya matuta, kisha anateremka ngazi za mawe zinazoyamaliza mapaja. Anaingia Manarola. Kimebaki kipande kimoja cha kama kilomita moja, tambarare, kilichosakafiwa, ambacho hata bibi mwenye mkongojo anakimudu. Anafika getini. Anaambiwa hapa ni pa kutokea.

Afanyeje? Ateremke stesheni, apande treni, apite gizani ndani ya handaki kwa dakika chache, ashuke Riomaggiore, aonyeshe tiketi ya muda aliouweka mapema, euro 10 juu ya kadi ya hifadhi, halafu atembee kurudi Manarola alikotoka. Na kama amepanga kulala Riomaggiore, treni tena. Ni sawa na mgeni kufika mlangoni akaambiwa azunguke mtaa mzima aingilie uani, kisha atolewe kwa mlango uleule aliobisha.

Kwa hiyo hifadhi moja, pwani moja, ina mishale miwili inayotazamana. Wa Monterosso unamsukuma mtembezi kusini-mashariki, wa Riomaggiore unamsukuma kaskazini-magharibi, na mahali inapokutana ni mlangoni kwa mtu aliyechoka.

Watetezi watasema ni usalama, ni msongamano. Haiingii akilini. Msongamano umeshadhibitiwa na tiketi: watu wanaingia kwa muda uliowekwa na kwa idadi iliyowekwa. Ukishahesabu watu mlangoni, mshale unakupa nini cha zaidi? Na kama ni lazima mshale uwepo, kwa nini uelekee huko? Jibu liko kwenye ratiba ya treni. Riomaggiore ndiyo stesheni ya kwanza ukitokea La Spezia, mji ambako meli kubwa za watalii hutia nanga. Mpango umemfuata mtu anayeshuka treni, anapiga picha kwenye zile mita 900 za njia, anakula koni ya dagaa wa kukaanga, anaondoka. Mwaka 2019 hifadhi ilitangaza faini ya euro 50 hadi 2,500 kwa wanaopanda njia hizi na malapa. Nilishangilia. Leo mwenye malapa amewekewa mlango mbele, na mwenye buti anaambiwa akapande treni.

Kuna pia suala la jua, ambalo wapangaji hawakulitazama kabisa. Pwani hii inatazama kusini-magharibi. Ukielekea Riomaggiore alasiri, jua liko begani na nyuma yako, na mwamba mbele yako unaonekana mstari kwa mstari, jinsi tabaka zake zilivyojikunja. Ukielekea Manarola saa hizohizo, jua liko usoni, unatembea umefinya macho, unachokiona ni kivuli.

Wa zamani hawakuwa na mambo haya. Kabla ya Via dell'Amore, ambayo ilizaliwa na ujenzi wa reli miaka ya 1920 na ghala la baruti lililowekwa mbali na nyumba, wakulima walivuka kati ya vijiji hivi kwa Beccara, njia ya ngazi inayopanda moja kwa moja mgongoni mwa kilima na kuteremka upande wa pili. Walipita huku na huku na vikapu vya zabibu. Tazameni kuta walizoacha kule Volastra: mawe makubwa mbele, kokoto nyuma, hakuna saruji, ili maji ya mvua yapenye bila kusukuma. Ukuta uliotelekezwa kwanza hutoa tumbo, kisha huanguka na tuta lake. Ule ambao mwenye shamba anapita kila msimu kurudishia jiwe lililotoka bado umenyooka. Hao walijenga wakijua nani atapita, akitokea wapi, na amebeba nini.

Dawa ni nyepesi. Asubuhi mshale uelekee Manarola, wa treni wapige picha zao. Kuanzia saa nane mchana, saa ileile mshale wa Monterosso unapokoma, ugeuzwe uelekee Riomaggiore, maana ndipo watembezi wa kweli wanapoanza kufika.

Mpaka hapo, ukifika Manarola na miguu bado inakubali, usishuke stesheni. Tafuta alama za njia namba 531, ndiyo Beccara. Panda polepole, maji yawepo, na baada ya kama saa moja uko Riomaggiore bila tiketi wala kuweka nafasi.