Ufundi wa Kumtafuta Mhariri

Mhariri mkuu wa jarida la saikolojia hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa barua. Mswada ukiwasilishwa, yeye ndiye huamua kwanza kama utasomwa na wataalamu au utarudishwa kwa mwandishi papo hapo. Ukivuka hapo, hukabidhiwa mhariri msaidizi aliyebobea katika tawi husika, naye hutafuta wahakiki wawili au watatu ambao kwa kawaida hawalipwi. Maoni yakirejea hupimwa, kisha mwandishi hujibiwa: makala imekubaliwa, imekataliwa, au irekebishwe. Katika majarida makubwa, jibu la kukataa ndilo hutolewa zaidi. Chama kinachomteua mhariri, basi, kinateua busara itakayopima miswada ambayo bado haijaandikwa, na hapo ndipo ulipo ugumu na uzuri wa kazi ya kumtafuta.

Majarida ya mwanzo hayakuijua kazi hiyo, kwa kuwa mwanzilishi na mhariri walikuwa mtu mmoja. Wilhelm Wundt alikuwa na jarida lake mjini Leipzig, naye G. Stanley Hall alianzisha American Journal of Psychology mwaka 1887, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: wanasaikolojia wenzake walilalamika kwamba Hall aliwapendelea watu wake, na mwaka 1894 James Mark Baldwin na James McKeen Cattell wakaanzisha Psychological Review. Nao hawakuelewana, wakaachana, jarida likabaki kwa Baldwin. Miaka ya 1920 likawa mali ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, APA. Jarida likishakuwa la chama, uhariri hugeuka dhamana ya muda, na lazima awepo mtu wa kuamua nani akabidhiwe.

APA imeufanya uamuzi huo kuwa desturi yenye hatua zake. Kipindi cha mhariri kwa kawaida ni miaka 6. Kinapokaribia kwisha, kamati ya utafutaji huundwa na tangazo hutolewa kwamba majina yanapokelewa. Mtu anaweza kumtaja mwenzake, na kulitaja jina lake mwenyewe hakuhesabiwi kuwa utovu wa adabu. Matangazo hayo huhimiza waziwazi kufanya hivyo. Kinachotakiwa ni maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja. Mteule huanza kupokea miswada takriban mwaka mmoja kabla ya toleo la kwanza la kipindi chake, maana makala za Januari hufanyiwa uhakiki na marekebisho mwaka uliotangulia. Kwa miezi kadhaa jarida huwa na wahariri wawili: anayeondoka akimalizia miswada aliyoianza, anayeingia akipokea mipya.

Ukurasa mmoja hautoshi kumjua mtu, kwa hiyo kamati yenye ujuzi hutazama alikopita. Wengi wanaofaa wamewahi kuwa wahakiki, kisha wajumbe wa bodi ya uhariri, kisha wahariri wasaidizi, na huko kote wameacha barua. Mathalani, makala kuhusu kumbukumbu za mashahidi imerudi na maoni matatu: mhakiki wa kwanza ameisifu, wa pili anadai jaribio jipya lenye washiriki wengi zaidi, wa tatu anataka nadharia yake mwenyewe itajwe. Mhariri dhaifu huyabandika maoni yote na kumwagiza mwandishi ayatimize. Mhariri fundi huandika kwamba jaribio jipya ni la lazima, na hueleza sababu. Kwamba kuitaja ile nadharia ni hiari. Na kwamba sentensi ya mwisho ya ikisiri inadai mambo ambayo data haiyabebi. Kwa barua kama hiyo, hata aliyekataliwa huondoka akijua kwamba kazi yake imesomwa.

Sifa hiyo haiendi sambamba na umaarufu. Mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci walichapisha matokeo ya jaribio lililowakera wengi. Walichukua makala 12 za watafiti wa idara zenye hadhi, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo vyao, kisha wakazipeleka kwenye majarida yaleyale yaliyokuwa yamezichapisha. Ni 3 tu zilizotambuliwa. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa, nyingi kwa madai ya kasoro kubwa za mbinu. Kwa kamati ya utafutaji somo lake ni la moja kwa moja: mwenye jina kubwa anaweza naye kupumbazwa na jina kubwa, na anayetafutwa ni yule anayesoma makala kabla ya kusoma anwani.

Uamuzi wa mtu mmoja kwenye kiti hicho unaweza kugeuza tabia za taaluma nzima. Mwaka 1962 Arthur Melton, akihitimisha miaka yake kwenye Journal of Experimental Psychology, aliandika kwamba alikuwa akisita kukubali matokeo yaliyovuka kizingiti cha kitakwimu cha asilimia 5 peke yake. Wakosoaji wa baadaye walimwona kuwa aliwafundisha watafiti kuwinda namba. Madhara ya uwindaji huo yalionekana mwaka 2015, tafiti 100 zilizowahi kuchapishwa katika majarida matatu ya saikolojia ziliporudiwa: za awali zenye matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu zilikuwa asilimia 97, lakini marudio yaliyofanikiwa kwa kipimo hicho yalikuwa asilimia 36.

Dawa nayo ilipitia kwa wahariri. Eric Eich, alipokuwa mhariri wa Psychological Science, alianza mwaka 2014 kutoa beji kwa makala ambazo waandishi wake wameweka data wazi. Kabla ya hapo, makala za jarida hilo zilizotaja data iliyo wazi hazikufika asilimia 3; katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015 zilifika asilimia 39. Tangu mwaka 2024 kiti hicho kinakaliwa na Simine Vazire, aliyejulikana kwa miaka mingi kama mkosoaji wa mbinu legelege katika saikolojia. Kumkabidhi mkosoaji jarida la taaluma aliyoikosoa ni ujasiri ambao kamati nyingi hazina.

Kipimo kingine cha mhariri ni upana wa upeo wake. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba tafiti katika majarida makuu ya APA ziliwahusu zaidi Wamarekani, ambao hawafiki asilimia 5 ya watu duniani. Mwaka 2001 jarida la Intelligence lilichapisha utafiti wa Robert Sternberg na wenzake kuhusu watoto wa kijijini karibu na Kisumu: waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya kishule. Mbele ya mhariri mwenye upeo finyu, makala kama hiyo ni habari za Kenya. Mbele ya mwenye upeo mpana, ni swali kuhusu maana ya akili popote pale.

Aliyefaa akishapatikana, hubaki kumshawishi. Malipo, kama yapo, hayalingani na saa zinazotumika, utafiti wake mwenyewe hupungua, na marafiki watakataliwa kwa sahihi yake. Kamati nzuri huyasema hayo mapema, humwombea chuoni apunguziwe vipindi, na humwachia achague wahariri wake wasaidizi. Ubora wa uteuzi wenyewe hujulikana baada ya muhula kwisha, pale maabara nyingine zinaporudia tafiti alizozipitisha na kupata jibu lilelile.